Kazi ya Kuitikia

Nchi hiyo msiniulize jina lake. Ilikuwa nalo, likatumika mpaka likachakaa, na wapima ardhi walipokuja kuliuliza, kila mwenyeji akataja lake. Basi wakaandika namba, wakaenda zao. Ni nchi ya mkonge. Mkonge mbele, mkonge nyuma, mistari iliyonyooka kiasi cha kumtia mtu kizunguzungu, na katikati yake barabara moja nyekundu inayoteremka. Nasema inayoteremka kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona mtu akiipanda. Waliotaka kujua sababu waliteremka kwenda kuiuliza, nao hawakupanda kuja kutuambia. Mimi ninayesimulia sina maelezo zaidi ya hayo, na anayetaka kila kitu kielezwe atapata tabu bure hapa.

Huko aliishi mwanamke aitwaye Naelijwa, mkata mkonge, mjane, mama wa watoto watatu ambao kwa macho alibaki kumwona mmoja. Mkubwa wao, Mghamba, aliteremka mwaka wa jua kali. Mdogo wake, Sekiete, akamfuata hata nyayo za kaka yake hazijafutika. Akabaki Nakunda, binti wa miaka kumi na saba, mwenye maneno machache na macho ya mtu anayepima umbali. Nakunda alikuwa ameshafunga begi lake. Hakulificha. Aliliweka kando ya kitanda, mahali ambapo mama yake angejikwaa kila asubuhi, akasema bila ukali wowote, "Mama, vuli ikiisha naondoka. Kazi ya hapa inamla mtu, halafu inamdai na chumvi."

Naelijwa hakubishana naye. Angebishana kwa lipi? Alikuwa anakata majani, anapunguza miiba, anafunga mizigo ya majani thelathini thelathini, anabeba begani mpaka ukingo wa shamba, na mwisho wa mwezi alichopewa kilitosha kumrudisha shambani mwezi uliofuata, basi. Alimuuliza binti yake jambo moja tu.

"Nikipata kazi ya maana hapa hapa, yenye mshahara wa mtu, utabaki?"

"Nitabaki," Nakunda akasema. "Kwani Mama, nani anapenda kuondoka?"

Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwa Naelijwa, na halikuwa na mwenzake. Hakutaka utajiri. Alitaka mtoto mmoja asiteremke.

Sasa kuna desturi moja lazima niiseme, la sivyo mtamwona huyu mama mwendawazimu. Kila alfajiri nyapara husimama juu ya jiwe na kuita majina ya wakataji. Jina likiitwa mara tatu bila kuitikiwa hukatwa kwa kalamu, na aliyekatwa hana tena kazi, wala kibanda cha kambi, wala nafasi kwenye foleni ya maji. Lakini ikiwa mtu anaumwa, au amejifungua, au amefiwa, yeyote aliye karibu hupaza sauti, "Yupo!" Na mdomo uliosema hivyo umeshajifunga: mistari ya yule mgonjwa sasa ni ya aliyeitikia, ataikata baada ya kumaliza yake, hata kama mgongo unamuuma. Nyapara anajua. Yeye huangalia mizigo, vichwa havimhusu. Watu wa kule jambo hilo hawaliiti wema. Ukiwauliza wanaliitaje, wanakukodolea macho. Mara tatu Naelijwa alipokuwa kwenye uchungu wa kuzaa, jirani yake Foibe alisimama mbele ya jiwe akasema yupo, akamkatia.

Nimekuwa nikijiuliza, na swali hili halinitoki: mtu yuko wapi hasa? Yuko pale mwili wake ulipolala, au pale anapoitikiwa? Kwa sababu siku zile tatu, Naelijwa alikuwa amelala kwenye mkeka akiuma khanga, na wakati huo huo alikuwa shambani akikata mkonge kwa mikono ya Foibe, na nyapara aliyaona majani, akayahesabu, na hakuona pengo. Wenye hekima za vitabu wangesema moja ni kweli na jingine ni mchezo. Watu wa mkonge hawakuwahi kutenganisha. Kwao, kuwapo ni kitu ambacho wenzako wanakufanyia. Sijui kama wako sawa. Najua tu kwamba wazo kama hilo, likitoka shambani likaingia ofisini, linabadilika sura.

Jumba Jeupe lilitokea Jumatano. Sisemi lilijengwa, kwa sababu hakuna aliyeona tofali. Jumanne kilikuwa kilima kitupu chenye mbuzi wawili. Jumatano mbuzi walikuwa wamelala kwenye ngazi za saruji. Mlangoni palibandikwa karatasi: ANATAKIWA MTU MMOJA. MSHAHARA MNONO. ELIMU YOYOTE. KAZI ITAELEZWA. Ndani ya jumba hilo saa zote ilikuwa saa nne asubuhi. Uliweza kuingia jioni ukakuta jua la saa nne limekaa sakafuni, na ukitoka, jioni inakungoja nje pale pale ulipoiacha.

Watu walipeleka majina yao, na siku ya usaili wakajaa ukumbini, kila mmoja na shati la kuazima na vyeti ndani ya mfuko wa nailoni. Naelijwa hakuwa na cheti cha kitu chochote ila cha ubatizo, akaja nacho hicho hicho. Karani akaingia. Alikuwa kijana mwenye tai, na sura yake ulikuwa unaisahau huku bado unaitazama. Hakuuliza swali hata moja. Alifungua kitabu akaanza kuita.

"Nipo," wakaitikia mmoja mmoja.

"Foibe Kiangi."

Kimya. Foibe alikuwa kwake, homa imemkamata tangu juzi, anatetemeka chini ya mablanketi mawili.

"Foibe Kiangi."

Naelijwa aliisikia ile mara ya pili mgongoni, kama anavyoisikia kila alfajiri. Akili yake ilikuwa bado inafikiri kwamba huu ni usaili, kwamba mwenzake akikosa, nafasi yake yeye inapanda. Mdomo haukusubiri akili.

"Yupo!"

Ukumbi mzima ukamgeukia. "Mama wee," mtu mmoja akanong'ona nyuma yake, "umejiharibia mwenyewe!"

Karani akainua kichwa. "Wewe ndiye Foibe?"

"Hapana, bwana. Mimi ni Naelijwa. Foibe ana homa." Hapo akashtuka na kuona aibu, kwa sababu alikumbuka aliko. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, akalimalizia kama linavyomaliziwa. "Kazi yake nitaifanya mimi."

Karani alimtazama kwa makini, kisha akafunga kitabu. "Wengine mwende nyumbani," akasema. "Ahsanteni kwa kuja."

Wakaondoka, na nawaambieni kweli, hawakumchukia. Wengine walimshika mkono wakipita. Naelijwa akabaki katikati ya ukumbi, cheti cha ubatizo mkononi, akimwangalia karani akivuta kiti cha pili.

"Kazi yenyewe ni hii," karani akasema. "Mimi nitaita majina. Wenye majina hawataitikia. Utaitikia wewe."

"Ni wagonjwa?"

"Wameondoka. Mtu akipita kigingi cha mwisho cha barabara, jina lake linakuja humu kitabuni lenyewe."

"Na mistari yao? Nitawakatia mimi peke yangu?"

"Hakuna cha kukata. Utasema tu yupo."

Naelijwa akafikiri. Jambo hilo lilimkaa vibaya, hakujua kwa nini. "Kwa faida ya nani, mwanangu?"

"Kuna wakubwa wanaotaka kusikia kwamba nchi imejaa watu," karani akasema. "Wako wapi, siwajui. Mimi naita tu, mama." Akamtajia mshahara. Naelijwa akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Mwezi mmoja wa kukaa pale ulishinda mwaka mzima wa mkonge.

Siku ya kwanza majina yalikuwa ya watu asiowajua, walioteremka zamani, na alisema yupo kwa adabu, kama mtu anayewapokea wageni wa jirani. Kisha karani akaita, "Mghamba," na baada yake, "Sekiete." Naelijwa alisimama. Hakuambiwa asimame. "Yupo!" akasema, na tena, "Yupo!" na machozi yakamtoka, ya furaha kabisa, msidhani vingine. Tangu waondoke hakuna aliyewataja wanawe kwa sauti mbele yake. Jioni ile alipika chakula kingi kuliko walaji.

Mshahara ulipotoka, alinunua bati, godoro la kweli, nyama, sukari, na viatu vya Nakunda vyenye visigino vifupi. Nakunda alivivaa akatembea nyumba nzima, akarudi, akaenda tena. Kesho yake Naelijwa hakujikwaa. Alipoangalia kando ya kitanda, begi lilikuwa limelala tupu, na magauni ya binti yake yananing'inia kwenye misumari, manne yamepangana. Aliyagusa moja moja. Alifurahi mno siku hiyo, akaenda kazini karibu anakimbia.

Foibe alipopona alikuja kumtembelea. Alikuwa mwanamke wa maneno, kicheko chake kinasikika kambi ya pili. "Shoga, kazi ile ni yangu," akasema akijichotea sukari vijiko vinne. "Jina langu ndilo lililoipata. Wewe ulipita nalo tu."

"Ichukue basi, nikakate mkonge!"

"Nani, mimi? Nikae kiti kimoja siku nzima niseme yupo, yupo, kama kasuku wa padri?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha Foibe akakoroga chai kwa muda mrefu bila kuinywa. "Naelijwa. Nimeamua kuteremka."

"Foibe!"

"Sikiliza. Miaka yote kilichonishika hapa ni woga wa kukatwa jina. Unaondoka, jina linakatwa, ndiyo basi, hukuzaliwa. Sasa si upo wewe kule juu? Jina langu litakuwa mahali salama. Utaniitikia, au hutaniitikia?"

Naelijwa angejibu nini? Mwanamke huyu alikuwa amemkatia mistari mara tatu. "Nitakuitikia," akasema. Na wiki ile ile, saa nne asubuhi, akamwitikia.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuteleza. Foibe alikuwa amelisema kwa sauti lile ambalo wengi waliliwaza kimya kimya. Watu walipita kwa Naelijwa wakiwa njiani, na mizigo yao kichwani, wanabisha hodi kwa heshima. "Mama, tunakwenda. Usitusahau kule juu." Wengine walimletea kuku. Kambi moja ikabaki na moshi mmoja. Nyapara aliita majina juu ya jiwe lake, na safari hii hapakuwa na mdomo wa kuitikia, akakata, akakata, mpaka siku moja akateremka kwenye jiwe, akapita kwa Naelijwa akiwa na sanduku la bati, akasema, "Mimi pia, mama, kama hutajali." Nani alimfukuza? Hakuna. Wale wakubwa wasioonekana walitaka nchi ijae, wakatoa fedha nzuri ijae, na ndani ya kitabu ilikuwa inajaa kila siku. Mimi huwa nashindwa kuamua kama hilo ni kosa la hesabu au ndiyo hesabu yenyewe iliyotakiwa.

Na Naelijwa? Alikuwa anajaa pia. Asubuhi moja alijikuta anachechemea mguu wa kushoto, akakumbuka kwamba anayechechemea hivyo ni fundi baiskeli aliyeondoka mwezi uliopita. Siku nyingine alitia ndimu kwenye uji, na yeye ndimu haipendi. Alipiga chafya ya Foibe. Kichwani mwake palikuwa na msongamano, watu wanapishana, mmoja anatafuta ufunguo, mwingine anauliza mbuzi wake amefungwa wapi, na katikati yao sauti ndogo aliyodhani ni yake ilikuwa inasema: nipisheni. Nipisheni kidogo jamani. Mimi pia nakaa humu. Nyumba ni yangu hii, au niliwahi kuwa nayo. Nani ameshika mlango? Nani anaitwa? Mwambieni anayeita kwamba tupo, wote tupo, ila asiingie, hapana pa kukaa.

Siku moja ya mapumziko, mchana, Nakunda alipika wali na mchuzi wa nyama, akaweka sahani mezani. Meza ilikuwa mpya.

"Mama."

Naelijwa alikuwa anatazama ukuta.

"Mama, chakula."

Alikuwa anasikiliza mtu mwingine.

"Mama!"

"Yupo!" Naelijwa akaitikia.

Nakunda akacheka, kisha akaacha kucheka. Alikaa, akasogeza sahani yake, hakula. "Ulikuwa unarudi na miiba mikononi," akasema polepole. "Nilikuwa naitoa kwa sindano, wewe unapiga kelele, unanitukana, unanisimulia alichosema nyapara. Unakumbuka?"

"Unataka nirudi kwenye miiba?"

"Sijasema hivyo."

"Kazi hii nimeitafuta kwa ajili yako, Nakunda. Uliniambia mwenyewe. Ulisema nikipata, utabaki."

"Nilibaki. Nilidhani nabaki na wewe." Sauti yake haikupanda. "Humu ndani siku hizi wanakaa watu wote walioondoka, Mama. Mimi niliyepo ndiye ninayekuita mara tatu."

Naelijwa alitaka kusema kitu kikubwa. Alikitafuta, na kila alichokishika kilikuwa cha mtu mwingine: ubishi wa nyapara, mzaha wa Foibe. "Mwezi huu uishe," akasema mwishowe, "nitaomba ruhusa. Tutakaa siku mbili tatu, mimi na wewe."

"Sawa, Mama."

"Kweli nitaomba."

"Nimesikia. Kula, kinapoa."

Wakala. Nyama ilikuwa laini, na Naelijwa alimsifu mpishi, na mpishi akasema ahsante. Usiku ule alilala vizuri. Ndiyo maana nasema watu hawajijui, maana angeweza kuomba ruhusa siku iliyofuata, karani asingekataa, hakuwahi kukataa chochote. Aliona haraka ya nini.

Zilipita siku ngapi, siwezi kuwaambia. Ndani ya jumba ilikuwa saa nne. Karani aliita majina ya zamani, kisha mapya ya wiki ile, na Naelijwa aliitikia kila moja bila kuinua macho, mikono imelala mapajani, sauti imezoea njia. Mghamba. Yupo. Sekiete. Yupo. Kulikuwa na inzi dirishani. Karani akafunua ukurasa.

"Nakunda Naelijwa."

Mdomo ulishafunguka. Ulikuwa umezoea mno. Alifunga meno kwa nguvu mpaka taya likalia.

Karani alisubiri kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa mtu wa namna yoyote. "Nakunda Naelijwa," akaita mara ya pili.

Naelijwa alisimama akaenda dirishani. Kutoka kilimani barabara yote ilionekana, mpaka kigingi cha mwisho na ng'ambo yake, na ng'ambo yake palikuwa na vumbi jepesi ambalo lilikuwa linatua. Alitafuta mtu ndani ya lile vumbi. Macho yake ya miaka hamsini hayakumpata. Akashika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Alielewa, na alielewa yote kwa mara moja: akinyamaza, kalamu itamkata mwanawe, na Nakunda hatakuwa na mahali popote duniani palipoandikwa kwamba alizaliwa. Akisema yupo, Nakunda atakuwapo humu, saa nne asubuhi, milele, na mwisho wa mwezi yeye atalipwa kwa hilo. Atanunua nyama kwa hilo. Alilia kwa sauti, bila kujificha, kama wanavyolia watu wa mkonge kwenye matanga. Na kadiri alivyolia ndivyo watu walivyomtoka kichwani. Fundi baiskeli akatoka. Nyapara na sanduku lake akatoka. Foibe akatoka wa mwisho, hasemi kitu, jambo ambalo si kawaida yake. Akabaki mwanamke mmoja aliyeshika dirisha.

"Mama," karani akasema, "hii ni ya tatu. Nakunda Naelijwa."

"Hayupo," Naelijwa akasema.

Kalamu ya karani ilisimama hewani. Alitazama kitabu, akafunua ukurasa wa mbele, akafunua wa nyuma. "Humu hakuna mahali pa kuandika hivyo," akasema. "Kuna yupo, na kuna kukata. Ukisema hayupo, kazi yako pia sijui niifanyeje."

"Kazi ichukue. Usimkate. Andika pembeni, hapo penye nafasi."

"Niandike nini?"

Naelijwa akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akarudi, akasimama juu yake aone kalamu inavyokwenda.

"Andika jina lake vizuri. Andika ana miaka kumi na saba. Andika ameondoka leo asubuhi, kwa miguu, na viatu vyenye visigino vifupi."

Karani akaandika. "Na sababu?"

"Andika alimwita mama yake."

Karani akaandika, akangoja.

"Andika," Naelijwa akasema, "mama yake alikuwa kazini."